Pasi ndefu ikipita, nani alaumiwe: konabeki au seifti?

Kwenye mpira wa Kimarekani, pasi ndefu ikishapita na tachidauni (bao la kuufikisha mpira mwisho wa uwanja) ikaingia, kamera inamganda mtu mmoja tu, yule aliyekuwa anamkimbiza risiva (mdakaji wa pasi), na huyo ndo anabeba msalaba wiki nzima. Hili jambo linaniuma kweli, maana mara nyingi huyo anayeonekana kwenye picha kafanya kile kile alichoambiwa na kocha, na aliyeharibu kasimama yadi 15 pembeni, hata marudio ya kwanza hayamuonyeshi. Na kinyume chake kipo pia, kuna siku seifti (beki wa nyuma kabisa) anatukanwa kwa kuchelewa kufika wakati aliyemchelewesha ni konabeki (beki wa pembeni). Sasa kama we ni mmoja wetu tuliokulia kwenye soka, mpira huu wa Kimarekani umeukuta ukubwani, labda umehamia Texas au Minnesota, au unakesha tu na Super Bowl (fainali ya NFL, ligi kuu ya mchezo huu) saa nane usiku Dar au Nairobi, hebu tulifungue hili taratibu maana ukilishika unaanza kuangalia mechi kwa macho mengine kabisa.

Tuanze na eneo lenyewe. Uwanja una upana wa yadi 53 na theluthi, kama mita 49 hivi, na urefu wa yadi 100 ukiacha zile yadi 10 za mwisho kila upande ambako ndo tachidauni inapatikana. Timu inayozuia ina watu 11, ila kwa kawaida wanne kati yao wako bize kumfukuzia kwotabeki (mrushaji wa pasi), kwa hiyo waliobaki kukaba pasi ni saba hivi na uwanja umewazidi. Makonabeki wanakaa pembeni, uso kwa uso na marisiva wa nje. Maseifti wawili wanakaa nyuma karibu na katikati, yadi 10 mpaka 15 kutoka pale mpira unapoanzia. Siku hizi karibu kila timu inaongeza konabeki wa tatu wa kumkaba risiva wa ndani. Na kwa kuwa hawatoshi, kila mpango wa ulinzi unampa mchezaji maagizo mawili kwa wakati mmoja: unamwambia akabe nini, na unamwambia aache nini kwa sababu mwenzake yupo. Hayo maagizo ya pili ndo watu hawayaoni, na humo ndo jibu la nani alaumiwe limejificha.

Mtu wa soka, hili analijua hata kama hajawahi kulisema. Beki wa pembeni anamfungia winga njia ya mstari, anamwachia aingie ndani kwa sababu beki wa kati kasogea kumsaidia, sasa winga akiingia ndani akafunga na beki wa kati hayupo, huwezi kumgeukia beki wa pembeni ukamwambia umepitwa. Konabeki na seifti wanaishi hivyo kila mpira unapoanza. Konabeki akijua seifti yuko ndani, anasimama nje kidogo ya bega la risiva na kumkatia njia za pembeni. Akijua hana mtu ndani, anahamia ndani na kumsukumia risiva kwenye mstari, maana mstari nao ni kama mlinzi, ukivuka umetoka. Kwa hiyo ukiona konabeki kapitwa upande wa ndani, kabla hujafungua mdomo jiulize alisimama upande gani na kwa nini.

Majina ya mipango yenyewe ni namba, na namba inakwambia wamebaki watu wangapi nyuma kabisa kulinda pasi ndefu. Kava 0 hakuna mtu, Kava 1 yuko mmoja, Kava 2 wawili, Kava 3 watatu, Kava 4 wanne, hii ya mwisho wengi wanaiita Kwota kwa kuwa uwanja umekatwa robo nne.

Nianze na Kava 2 kwa sababu ndo inayodanganya wageni. Hapa maseifti wawili wanagawana nyuma nusu kwa nusu, kila mmoja ana zaidi ya mita 24 za upana wa kulinda peke yake, na konabeki kazi yake ya pasi ndefu imeondolewa, yeye analinda eneo fupi la pembeni na anasaidia kuzuia wanaokimbia na mpira mkononi. Mtu akiangalia kwenye TV anaona risiva anapita kando ya konabeki, konabeki anabaki amesimama, anasema huyu kalala. Hajalala! Hapo ndo mwisho wa shamba lake, risiva akishavuka hapo ni wa seifti.

Ila sasa, kuna sharti. Seifti anatokea karibu na katikati na anatakiwa kufika mpaka mstarini kabla ya mpira, kwa hiyo konabeki analazimika kumgonga risiva mwanzoni kabisa, amvuruge mwendo, amlazimishe apite ndani badala ya kutambaa na mstari. Sheria ya NFL tangu 1978 inaruhusu kumgusa risiva hivyo ndani ya yadi 5 za kwanza tu, zaidi ya hapo ni faulo, kwa hiyo konabeki ana nafasi moja fupi sana. Akimwachia risiva apite bure kwa nje, hata seifti mwenye mbio za kutisha atafika mpira umeshadakwa. Hapo kwenye picha utamuona seifti anarukia mgongo wa risiva, amechelewa, na mtangazaji atasema seifti alisoma vibaya, wakati kosa limetokea sekunde tatu kabla, pale mwanzo, kwa mtu ambaye sasa hivi yuko yadi 20 nyuma.

Na Kava 2 ina shimo lake ambalo kila kwotabeki duniani analijua: pembeni, kama yadi 15 mpaka 20 mbele, nyuma ya konabeki na mbele ya seifti. Timu inayoshambulia inalitafuta hivi, risiva wa nje anakimbia yadi 5 anasimama, risiva wa ndani anapanda halafu anakata kwenda kwenye kona ya uwanja juu ya kichwa cha konabeki. Konabeki analazimishwa kuchagua, akimfuata wa chini mpira unaenda juu, akirudi juu mpira unaenda chini. Makocha wengi wanafundisha arudi nyuma kwanza, aache pasi fupi ipigwe halafu apande kumwangusha mtu, kwa sababu yadi 5 hazijamuua mtu. Kwa hiyo mpira ukidakwa shimoni, mi naangalia miguu ya konabeki kwanza. Kama ilikimbilia mbele kumfuata yule wa yadi 5 hilo ni la kwake. Kama alirudi inavyotakiwa na mpira bado ukapita juu ya vidole vyake ukashuka kabla seifti hajafika, basi mpe kwotabeki heshima yake tu, hapo hakuna aliyekosea.

Waliotengeneza jina kwa mpango huu ni Tampa Bay Buccaneers, Tony Dungy akiwa kocha mkuu kuanzia 1996 na Monte Kiffin akiongoza ulinzi, wakaongeza kitu kimoja, lainibeka (beki wa mstari wa pili) wa katikati naye anarudi nyuma sana kuziba nafasi kati ya maseifti wawili. Dungy alishaondoka matunda yalipoiva, timu ikiwa chini ya Jon Gruden, Januari 26, 2003 waliwapiga Oakland Raiders 48-21 kwenye Super Bowl, wakanasa pasi 5 za wapinzani na mchezaji bora wa siku akawa Dexter Jackson, seifti, aliyenasa 2. Watu wanaangalia Jackson alivyofika kwenye mpira, mi nasisitiza pia kazi ya kina Ronde Barber pale pembeni kwa sababu seifti wa Kava 2 hafiki popote kama konabeki wake ni mlegevu.

Kava 3 ni hadithi nyingine. Nyuma wanabaki watatu, makonabeki wawili kila mmoja theluthi yake ya pembeni na seifti mmoja theluthi ya katikati, yule seifti wa pili anashuka mbele karibu na malainibeka. Hapa risiva akimpita konabeki kwa pembeni hakuna wa kumsingizia, theluthi ni yake na hakuna mtu aliyeahidi kuja. Ila risiva akipita katikati, kati ya konabeki na seifti, ndo mambo yanakuwa magumu, na timu zinazoshambulia zinajua, zinapeleka watu wanne wote mbele kwa mstari mmoja, wawili pembeni wawili ndani. Seifti mmoja katikati, watu wawili wanampita kushoto na kulia. Akiegemea kushoto pasi inaenda kulia. Dawa inayofundishwa ni konabeki asimkumbatie risiva wa nje, akae katikati ya yule wa nje na yule wa ndani akisubiri mpira uruke, na walio chini wawagonge wale wa ndani kuwachelewesha. Ukimuona konabeki wa Kava 3 amembana risiva wa pembeni kabisa wakati pasi imepigwa kwa wa ndani, kuna uwezekano mkubwa ni yeye aliyemwacha seifti wake yatima.

Walioifanya Kava 3 iogopwe ni Seattle Seahawks wa Pete Carroll, na kwa maoni yangu hawajatokea watu wawili wanaoeleza mada hii kama Richard Sherman na seifti Earl Thomas. Sherman konabeki, mrefu, anakaa upande wake wa kushoto mechi nzima, anambana risiva toka mwanzo bila kurudi nyuma haraka. Msimu wa 2013 alinasa pasi 8, akaongoza ligi. Watu wengi walisema Sherman anaweza peke yake, wengine wakasema Sherman anabebwa na Thomas, na mabishano hayo yote mawili yanakosa kitu. Sherman aliweza kukomaa na mstari kwa sababu Thomas alikuwa na kasi ya kulinda eneo la katikati ambalo kwa kawaida ni la mtu mmoja na nusu, na Thomas aliweza kubaki katikati bila kukimbilia pembeni kwa sababu alijua upande wa Sherman hauhitaji msaada. Ongeza Kam Chancellor, seifti wa chini, aliyefanya marisiva waogope kupita katikati. Timu hiyo iliruhusu pointi chache kuliko zote kwenye ligi misimu 4 mfululizo, 2012 mpaka 2015, na Februari 2, 2014 waliwafunga Denver Broncos 43-8 kwenye Super Bowl.

Desemba 4, 2016 Thomas alivunjika mguu baada ya kugongana na huyohuyo Chancellor wakifukuzia mpira mmoja. Wiki iliyofuata Seattle walienda Green Bay wakapigwa 38-10, na mapema tu Davante Adams wa Green Bay alishapata tachidauni ya yadi 66. Niseme haki, siku hiyo kwotabeki wa Seattle, Russell Wilson, naye alitoa pasi 5 kwa wapinzani, kwa hiyo si zote 38 ni za ulinzi. Ila makonabeki walikuwa na majina makubwa vilevile, mpango ni uleule, na katikati palikuwa pamebadilika.

Sasa Kwota, na hapa naomba uvumilivu kidogo kwa sababu ndo inazaa hukumu mbovu kuliko zote. Kwa jina ni watu wanne nyuma, kila mtu robo yake. Kwa vitendo timu nyingi haziichezi hivyo, zinachanganya kukaba eneo na kukaba mtu kwa mtu, nani wako inategemea wapinzani wamekimbia vipi. Fikra hizi za kulinganisha ulinzi na njia za marisiva zilikuzwa sana na makocha Bill Belichick na Nick Saban walipokuwa pamoja Cleveland Browns 1991 mpaka 1994, Saban akaja kuzisambaza kwenye mpira wa vyuo vikuu mpaka zikawa kitu cha kawaida.

Inavyofanya kazi kwa ufupi: tunawahesabu marisiva kutoka nje kuja ndani, wa nje kabisa namba 1, anayefuata namba 2. Seifti macho yake yako kwa namba 2. Kama namba 2 anapanda juu kuvuka yadi 8 au 10, seifti anamchukua, ni wake, mtu kwa mtu, na konabeki anabaki peke yake na namba 1. Kama namba 2 anakata mapema kwenda pembeni au anabaki chini, seifti hana mtu, kwa hiyo anageuka kumsaidia konabeki kwa namba 1, wawili kwa mmoja. Yaani konabeki yuleyule, mpango uleule, sekunde mbili baada ya kuanza ndo inajulikana kama ana msaada au hana! Na yeye anatakiwa ajue hilo huku anakimbia kinyumenyume.

Washambuliaji nao wanajua seifti anamwangalia namba 2, kwa hiyo wanamtegea hapo. Namba 2 anapanda kama yadi 12 halafu anakata ndani. Seifti anamfuata kwa hamu, anapanda mbele kuukata mpira. Nyuma yake namba 1 anakata kutoka pembeni kuelekea milingoti ya goli, pale pale seifti alipokuwa, sasa peupe. Konabeki katika mpango huu mara nyingi kasimama nje ya risiva kwa makusudi, kwa sababu njia ya kwenda ndani ilikuwa na mtu. Mpira unaruka, unadakwa yadi 40 mbele, kamera inaonyesha konabeki hatua tatu nyuma anahangaika, na seifti haonekani kabisa kwa sababu yuko chini na namba 2. Mwenye kosa kwenye timu nyingi hapo ni seifti, alitakiwa asimrukie namba 2 mpaka ahakikishe hakuna mtu anayepita nyuma ya mgongo wake. Nasema kwenye timu nyingi kwa sababu kuna makocha wanaomruhusu seifti apande na wanamtaka konabeki aanze ndani, kwa hiyo nyayo za konabeki kabla mpira haujaanza ndo ushahidi wako mkubwa. Akianza nje ujue aliahidiwa mtu ndani.

Ongeza kelele za uwanjani. Wapinzani wanamhamisha risiva kutoka upande mmoja kwenda mwingine sekunde moja kabla ya kuanza, au wanapanga watatu upande mmoja wamebanana, na hapo inabidi majukumu yagawanywe upya yote kwa ishara za mikono maana sauti haisikiki. Kwa kawaida seifti ndo anayetoa hiyo ishara. Wakiwa watatu upande mmoja, mara nyingi seifti wa upande wa pili anavutwa aje kumwangalia namba 3, na konabeki wa upande huo wa pili anaachwa kisiwani na risiva mmoja bila msaada wowote, ndo maana timu zinamweka risiva wao bora pale peke yake kwa makusudi. Konabeki akiwa hajaiona ishara akabaki anadhani ana mtu, risiva yuko huru. Kosa la mawasiliano namna hii huwezi kumpa mtu mmoja kwa kuangalia TV, na mtu anayekwambia ana uhakika asilimia mia nakushauri usimsikilize.

Kwenye kukaba mtu kwa mtu mambo ni meupe zaidi ila bado seifti yumo. Kava 1, kila mtu na mtu wake na seifti mmoja nyuma katikati. Mstari wa pembeni ni wa konabeki, katikati ana bima. Kuna konabeki wachache sana wanaomfanya kocha asahau bima hiyo, Darrelle Revis na New York Jets msimu wa 2009 chini ya Rex Ryan alikuwa anapewa risiva bora wa wapinzani wiki baada ya wiki na kuachwa naye, maseifti wakapelekwa kwenye kazi nyingine. Thamani ya konabeki wa hivyo inaonekana kwa wenzake, kwa seifti ambaye sasa ana uhuru wa kuongeza nguvu upande mwingine.

Kuna wakati pia konabeki anageuza kichwa, anaona seifti aliyemtegemea hayupo, na anamkamata risiva jezi. Kwenye vyuo faulo hiyo haizidi yadi 15, kwa hiyo ni biashara nzuri kuliko tachidauni. Kwenye NFL mpira unapelekwa pale pale faulo ilipofanyika hata kama ni yadi 45 mbele, basi konabeki anabeba adhabu ya yadi 45 na jina lake linatangazwa uwanja mzima kwa kosa ambalo si lake. Kwenye takwimu hakuna safu ya kuandika kwamba seifti alikuwa amechelewa.

Tuje kwenye tukio maarufu kuliko yote kwenye mada hii. Januari 12, 2013, Denver, baridi kali, mechi ya mtoano. Broncos wanaongoza Baltimore Ravens 35-28, zimebaki sekunde 41, Ravens wako kwenye yadi 30 ya kwao. Kwotabeki Joe Flacco anarusha mpira mrefu sana upande wa kulia kwa Jacoby Jones. Konabeki Tony Carter alianza na Jones, akamwachia apite akabaki chini. Seifti Rahim Moore alikuwa nyuma, akaja kwa kasi, akaruka mapema, mpira ukapita juu ya mikono yake ukatua kwa Jones, yadi 70, 35-35. Ravens wakashinda 38-35 kwenye muda wa ziada wa pili na wakaenda mpaka kuchukua ubingwa. Moore mwenyewe alijitokeza akabeba lawama hadharani, na jina lake likaganda hapo.

Mi naona kazi ya Moore ilikuwa moja tu, asipitwe na mtu. Hakuhitaji kunasa mpira ule, wala kuugusa, angerudi hatua nne zaidi akamwangusha Jones kwenye yadi 20 Denver bado wanaongoza na sekunde zinaisha. Kwa hiyo ndiyo, sehemu kubwa ni ya seifti. Lakini Carter naye, ukiongoza kwa pointi 7 na sekunde 41 kwenye saa, pasi fupi unayoilinda pale chini ina faida gani kwa wapinzani? Kumwachia mtu mwenye mbio kama Jones apite bila kumgusa wala kumfuata kidogo kulimpa Moore hesabu ngumu kuliko ilivyohitajika. Konabeki alitii mpango, ila saa kwenye ubao ilikuwa imeshabadilisha uzito wa mpango.

Hilo la saa ndo pia linaeleza kilichotokea Minneapolis Januari 14, 2018. New Orleans Saints wanaongoza Vikings 24-23, zimebaki sekunde 10, Vikings hawana tena nafasi ya kuomba saa isimamishwe. Case Keenum anarusha pembeni kwa Stefon Diggs, anadaka karibu na mstari. Seifti Marcus Williams, mwaka wake wa kwanza kwenye ligi, anaingia chini kwa kichwa, anamkosa kabisa, na badala yake anamgonga konabeki mwenzake Ken Crawley. Diggs anajishika asianguke, anageuka, mbele hakuna mtu, yadi 61, mechi imeisha 29-24. Williams pengine aliogopa faulo kwa kumgonga Diggs hewani, hilo linaeleweka kibinadamu. Ila mgawanyo wa kazi pale ulikuwa wazi: konabeki anaweza kuutafuta mpira kwa sababu seifti yuko nyuma yake, na seifti hawezi kutafuta chochote kwa sababu nyuma yake hayupo mtu. Angesubiri Diggs adake, amkumbatie ndani ya uwanja, saa inaisha.

Halafu kuna siku wote wawili hawana kosa. Desemba 6, 2020, Jets hawajashinda mechi yoyote msimu mzima, wanaongoza Raiders 28-24 na zimebaki sekunde 13. Raiders wanahitaji tachidauni, hakuna kingine kinachowasaidia. Gregg Williams, kodineta (kocha) wa ulinzi wa Jets, anaita Kava 0, anatuma kundi kubwa la watu kumfukuzia kwotabeki Derek Carr na nyuma habaki mtu. Konabeki Lamar Jackson, jina moja na yule kwotabeki wa Ravens ila ni mtu mwingine, kijana ambaye hata kwenye drafti (siku timu zinapochagua wachezaji wapya) hakuchaguliwa, anaachwa peke yake na Henry Ruggs, mmoja wa watu wenye kasi kuliko wote kwenye ligi. Ruggs anamdanganya hatua moja, anampita, yadi 46, 31-28. Kwenye picha ni Jackson peke yake anakimbiza, na mtu asiyejua angemchoma yeye. Lakini kwa hali ile karibu kila timu ingeweka watu watatu au wanne nyuma kabisa na kumpa konabeki mtu wa kumtegemea. Seifti Marcus Maye alisema wazi baada ya mechi kwamba walihitaji kupangiwa ulinzi bora kuliko ule, na Williams akafukuzwa kazi kesho yake.

Ukiangalia mechi nyumbani TV inakunyima nusu ya ushahidi, kamera iko karibu na mpira na maseifti hawamo kwenye fremu mpaka mpira uruke. Angalia kabla ya kuanza, wakati picha bado ni pana: maseifti ni wangapi nyuma, na hata hilo usiliamini sana maana siku hizi wanajificha, wanaonyesha wawili halafu mmoja anashuka mpira ukianza. Angalia konabeki kasimama ndani au nje ya risiva. Mpira ukianza angalia kama kageuza macho kwa kwotabeki, huyo anakaba eneo, au kamkazia risiva macho kiunoni, huyo anakaba mtu. Baada ya tachidauni angalia nani anainua mikono kumuuliza mwenzake, ingawa hapo uwe makini, kuna wachezaji mafundi wa kunyoosha mikono kwa kosa lao wenyewe. Na wakileta marudio ya kutoka nyuma ya goli, yale yanayoonyesha walinzi wote, hayo yatazame mpaka mwisho, mtafute seifti yuko wapi wakati mpira unaondoka mkononi kwa kwotabeki, kwa sababu mpira ukishaondoka hapo karibu kila kitu kimeshaamuliwa.